Nane, Halafu Moja

Walishuka na begi moja na ngoma mbili
Jumatatu, kipindi cha tatu,
kipindi changu.
Mwalimu mkuu akasema: Lubango, wape wiki.
Wiki nzima? Darasa la sita? Na sehemu bado?
Akacheka. Sehemu zitakungoja, hazina miguu.

Basi nikakaa nyuma, chaki mfukoni,
nikiwatazama kama wachuuzi wa kitu nisichoagiza:
Nyamizi, kichwa kipara, magoti yenye makovu,
na Kwilasa, aliyetembea kama anayedaiwa na sakafu
na leo ameamua kulipa.
Madawati tukayatoa nje.
Watoto tisini na wanne, dirisha bila kioo,
na ziwa la Igombe likichungulia pamoja na harufu yake.

Nyamizi hakusema chezeni.
Aliuliza: leo asubuhi, kabla ya kengele,
mikono yenu ilifanya nini?

Kimya.
Hapa kwetu, mikono huulizwa na fimbo.

Kisha Mbula,
ambaye tangu la nne hajanijibu zaidi ya "sijui",
akainama, akachota hewa kwa viganja viwili
akaitawanya,
vile wanavyoanika dagaa kule mchangani.
Tena, akasema Nyamizi. Polepole. Uzito uko wapi?

Uzito!
Miaka kumi na minane nimeufundisha,
gramu, kilo, tani,
sijawahi kuuliza uko wapi.

Sayi akavuta kamba ya mtumbwi.
Holo akambeba mgongoni mdogo wake aliyebaki nyumbani.
Ndaki alisema yeye hakufanya kitu, alilala tu,
wakamwambia: lala basi, tuone,
naye akalala vizuri kuliko wote.
Kwilasa akapiga ngoma, akahesabu:
tano, sita, saba, nane,
moja.
Nikanyoosha kidole. Samahani, baada ya nane ni tisa.
Tisa ipo, mwalimu, akasema Nyamizi,
lakini mwili ukifika nane unataka kurudi nyumbani.

Jumatano alikuja mama yake Mbula na beseni kichwani.
Nimeleta mtoto asome. Kuanika dagaa anajua!
Akasimama mlangoni kugomba,
akatazama,
akaendelea kutazama.
Mkono wa kushoto umelala, akasema.
Hivyo utawajaza mchanga.
Akatua beseni, akamwonyesha Nyamizi, wala si mwanawe,
akajitwika tena akaenda zake bila kuaga.

Mchana tulikunywa uji benchi moja.
Mnalipwa? nikauliza.
Kwilasa alikuwa anafunga goti kwa kitambaa.
Mara nyingine, akasema, akaomba sukari.

Ijumaa wazazi walipojaa ukumbini
mvua ikaangukia bati.
Kila mwalimu anaijua mvua hiyo:
unaweka chaki chini, unakunja mikono,
unasubiri Mungu amalize somo lake.
Ngoma ikamezwa. Kwilasa alipiga, hatukusikia kitu,
akaacha.
Wao hawakuacha.
Miguu mia moja themanini na minane
ikashuka pamoja, bila ngoma, bila mimi,
sikuisikia, niliihisi kwenye miguu ya kiti.

Wakaondoka na begi na ngoma zao.
Madawati yakarudi. Mawili yalivunjika,
nimeandika ripoti.

Jumatatu, kipindi cha tatu.
Nikageukia ubao, nikaandika:
kiasi nane, asili nane.
Sawa na ngapi?

Mkono ukapanda nyuma kabisa,
wa kushoto, umeamka.
Moja, akasema Mbula.
Umejuaje?
Ukizimaliza zote nane, mwalimu, unarudi moja.

Nikamnyooshea chaki: njoo utuonyeshe.
Alikuja. Chaki hakuipokea.
Alishika meza yangu upande mmoja,
akaningoja nishike wa pili.